Nyanjige na Jogoo Aliyelewa

Mwaka ule malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kugombea pamba ya kijiji cha Sapiwi, mhudumu wa zahanati aliyependwa kuliko wote alikuwa Nyanjige. Mama wa watoto watano, mnene kidogo, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Sindano alichoma huku akitania. Mtoto akija kushtuka, imeshatoka.

Asubuhi moja Felisita aliingia mbio amembeba mwanawe Kija, wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa amelegea, macho mekundu. Akiitwa anafumbua kidogo, anacheka peke yake, kisha anasinzia tena. Nyuma yao alikuja mzee Ndalahwa, baba mkwe wa Felisita, jogoo kwapani.

"Mwangaluka, guku," Nyanjige alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita babu.

"Mwangaluka, mayu. Mjukuu wangu amerogwa. Ni yule bibi jirani. Nikitoka hapa nampeleka jogoo kwa mganga atuangalizie."

Nyanjige alimpima mtoto. Homa hakuna, shingo haijakaza. Akamlaza ubavu, akahesabu pumzi zake, akamkataza Felisita kumnywesha chochote mpaka aamke vizuri. Usoni alikuwa mtulivu, ingawa tabibu alikuwa safarini na uamuzi wote ulimwangukia yeye.

Mzee akachoka kumshika jogoo, akamweka chini. Jogoo akapiga hatua mbili, akayumba, akaketi kitako. Akajaribu kuwika, akaishia katikati.

Nyanjige alimtazama jogoo. Akamtazama mtoto.

"Guku, kuku wako amekula nini?"

"Pumba."

"Pumba na nini?"

Mzee akaangalia dari.

"Mimi si polisi, guku. Mimi nataka huyu mtoto apumue. Nisipojua alichokula, nitamtibu ugonjwa asioumwa."

Felisita akaanza kulia. Ndipo mzee alipotoboa, kwa sauti ndogo. Kideri kilikuwa kinamaliza kuku wake, na mtu mmoja mnadani alimshauri awachanganyie bangi kwenye pumba. Alfajiri alifinyanga matonge, akayaacha kwenye sufuria chini ya ghala, pale pale Kija anapochezea.

"Kwa hiyo bibi jirani hahusiki?"

"Hahusiki," mzee alikiri, kichwa chini.

Nyanjige alitoka barabarani akasimamisha lori la pamba. Dereva, Januarius, aliposikia habari hakuuliza mara mbili, akawapakia mbele. Njia nzima mpaka hospitali ya Bariadi Nyanjige alikuwa na mkono kifuani mwa Kija, akihesabu. Huko walimwekea mtoto dripu, wakamwangalia mchana kutwa na usiku kucha. Kulipokucha Kija aliketi kitandani akadai ugali. Akala wake, akala wa mama yake, akauliza mwingine uko wapi. Nyanjige alicheka mpaka wauguzi wa wodi ya pili wakaja kuchungulia.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mzee Ndalahwa, si kumgombeza. Bangi ilikwisha kutupwa chooni, na bibi jirani alikwisha kuombwa radhi. Lakini kando ya mtungi wa maji Nyanjige aliona chupa mbili za soda. Moja ilikuwa na dawa ya kunyunyizia pamba, nyingine ya kuogeshea ng'ombe. Siku hizo wachuuzi waliuza dawa yoyote, wakapima kwenye chupa yoyote.

"Mtoto hajui dawa, guku. Anajua soda."

Siku hiyo hiyo mzee alitengeneza kisanduku cha mbao, akakigongomea juu ukutani na kukitia kufuli. Kisha akajitolea kufuatana na Nyanjige nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyesimulia, na kila nyumba jogoo alizidi kulewa: mara ameanguka mara tatu, mara amemwamkia mbuzi. Watu walishika mbavu kwa kicheko, kisha wakanyanyuka kuondoa chupa zao sakafuni.

Nyumba ya mwisho walimkuta mwenye nyumba juu ya kigoda, akipanga dawa zake darini. Habari ilikwisha kumfikia. Akashuka, akawatandikia mkeka, akawaletea michembe ya viazi vitamu na karanga.