Picha ya Msibani Ijumbi

Harufu ya mchele mkavu uliokaa siku nyingi kwenye ndoo yenye mfuniko hunirudisha nyumbani kwetu Nshambya. Mchele ule haukuwa wa kupikwa. Bukoba mvua haikai mbali, na unyevu ukiingia ndani ya lenzi ya kamera huota ukungu, nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui, ambazo ukishazikuta huzitoi kwa kitambaa chochote. Basi baba yangu, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, alizitunza lenzi zake ndani ya ndoo ya mchele unaonyonya unyevu, kila moja ikiwa imevishwa soksi safi. Siku moja wageni walifika ghafla na mama hakuwa na mchele mwingine, akaupika huohuo. Tulikula wali wenye harufu ya mfuko wa ngozi, na baba alitafuna polepole kama mtu anayelishwa mali yake mwenyewe.

Nawaambia habari ya ndoo ili mjue nyumba yetu ilikuwa nyumba ya namna gani. Wengine walikuwa na ng'ombe, sisi tulikuwa na lenzi. Kila Jumapili tukishatoka kanisani, baba alitembelewa na marafiki zake wawili wa picha. Mmoja alikuwa Mutalemwa, muuza mabati mjini, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyekuwa na kamera ya bei kuliko wote na mikono inayotetemeka kuliko wote. Wa pili alikuwa Nesi Adelina, mama wa makamo, ambaye hakupiga picha za watu kabisa. Yeye alipiga maua ya kahawa, mijusi, na senene waliotua kwenye majani ya mgomba. Alisema watu anawaona vya kutosha wodini.

Walikaa sebuleni na laptopu ya baba katikati ya meza, wakaonyeshana picha za wiki nzima. Mimi nilipeleka chai na karanga za kuchemsha, na nilipenda kusikiliza. Walibishana kuhusu lenzi kama watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Mutalemwa alitetea lenzi ndefu, inayomvuta ndege wa ziwani mpaka unahesabu manyoya. Baba alitetea lenzi yake ya milimita themanini na tano, fupi na nzito, ambayo ukiifungua tundu lake lote, uso wa mtu hubaki umekolea na kila kitu nyuma yake huyeyuka kama siagi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na nilidhani hakuna watu wenye furaha kuliko wale watatu.

Kisha bibi akafa. Alikuwa mama yake baba, aliyekaa Ijumbi, upande wa Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alikoolewa akiwa msichana. Likizo zangu zote nilizimalizia kwake. Alinifundisha kumenya ndizi bila kujipaka utomvu, na alinikataza kukodolea watu macho wakiwa wanakula au wanalia. Jicho halina adabu, alikuwa akisema, usipolifunza litakuaibisha.

Tulimzika kibanjani, karibu na babu, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Baba alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume. Siku zote za msiba alikuwa akipokea watu, akielekeza vijana wapi waweke nyasi za kukalia, akijibu simu, na hakuna aliyemwona akilegea. Wazee walimsifu kwa hilo. Wakati jeneza linashushwa, kwaya ikiimba, nilisimama nikiwa nimeegemea mbuni, mti wa kahawa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba bibi anawekwa chini kweli na mimi naachwa juu. Nikalia kwa sauti. Nikanyanyua macho nimtafute baba yangu.

Nilikuta kioo. Baba alikuwa amesimama ng'ambo ya kaburi, jicho moja amelifumba, jingine limefichwa nyuma ya kamera, na lenzi ikinielekea mimi. Nikasikia mlio wake, kacha, halafu tena. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nilitaka kujifunika lakini mikono ilikuwa imeshika tawi, na nikaogopa kwamba nikisogea nitaiharibu kazi yake. Ndiyo akili ya mtoto wa mpiga picha. Nikatulia, nikalia nikiwa nimetulia.

Jumapili chache baadaye picha ile ilikuwa kwenye laptopu. Niliingia na sinia la chai nikajikuta nimejaa kwenye kioo kizima, midomo wazi, matone yananing'inia kidevuni. Mutalemwa aliwika kwa mshangao. Akaomba baba aikuze, akuze tena, mpaka jicho langu moja likajaza laptopu yote. Tazama chozi lilivyodaka mwanga, alisema, na baba akaeleza alivyofungua tundu lote, alivyovizia wingu lisogee, na jinsi migomba ilivyoyeyuka nyuma. Walizungumza habari za chozi lile kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na sinia, mwenye chozi. Nesi Adelina peke yake aligeuka akaniuliza mimi mwenyewe naionaje. Kabla sijapata neno, Mutalemwa alikwishauliza kama baba alitumia stendi ya kamera.

Baba aliituma picha kwenye makundi ya wapiga picha wa mikoa mingine, na sifa zikaanza kumiminika kwenye simu yake. Alinisomea baadhi yake mezani, uso wake uking'aa. Baadaye kukawa na maonyesho madogo ya picha katika ukumbi mmoja mjini, na picha yangu ikachapishwa kubwa kuliko mlango, ikatundikwa ukutani mkabala na watu wanapoingilia. Shule yetu ilipelekwa kuiona. Darasa zima lilisimama mbele yangu huku mimi nimesimama nyuma yao. Kuanzia siku hiyo jina langu la Kemilembe likapumzishwa, nikaitwa Chozi. Nikicheka waliniambia Chozi leo anacheka. Nikinyamaza waliniambia Chozi anataka kulia. Nikawa sina uso wa kutoka nao.

Na nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa sasa nilitakiwa. Jioni jua likilala, baba aliniita nikae kwenye stuli karibu na dirisha. Geuza kidevu. Shusha bega. Usitabasamu. Hakunifokea hata mara moja, na hilo ndilo lililonifunga, maana ningefokewa ningejua pa kulalamikia. Mama alimwambia mtoto amechoka. Baba alijibu dakika moja tu, na dakika ya mpiga picha haina mwisho. Nilijifunza kuupooza uso wangu kama unavyopooza uji. Nilifanya hivyo hadi siku niliyoanguka na kuchubuka goti nikagundua silii, na siku paka wetu alipokufa nikagundua bado silii. Nilikaa chooni nikajibana mkono nione. Hakuna kilichotoka.

Maonyesho mengine yalipokaribia, Mutalemwa akatoa wazo kwamba picha ile inahitaji mwenzake: mtoto yuleyule, ndani ya nyumba ya marehemu. Jumamosi moja tukapanda gari lake sote wanne, tukapita Kemondo, tukashika njia ya Muleba. Wao walizungumza lenzi njia nzima. Mimi nilihesabiwa kama mojawapo ya vifaa.

Nyumba ya bibi ilikuwa imefungwa tangu matanga, na ufunguo alikuwa nao baba. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya moshi wa zamani. Walinikalisha kwenye mkeka wake, chini ya dirisha dogo. Mlango ukafungwa ili mwanga uingie upande mmoja, na Mutalemwa akaweka stendi yake mlangoni, miguu yote mitatu imetandazwa, yeye mwenyewe amesimama nyuma yake. Niliangalia pale nikaona kwamba hata nikitaka kukimbia nitalazimika kuangusha kamera ya mtu. Kwa hiyo nikakaa.

Juu ya kichwa changu walibishana kama hamsini itatosha kuuchukua ukuta au themanini na tano ibaki na uso. Kisha baba akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa upole, "Mkumbuke Bibi. Kidogo tu."

Nilijaribu, Mungu anajua nilijaribu. Nilimwita bibi kichwani, lakini kila nilipomwita ilikuja picha yangu mwenyewe, ile ya ukutani, na yeye alikuwa nyuma kabisa, ameyeyuka pamoja na migomba. Nikamwambia baba sioni kitu. Mutalemwa akamuuliza Nesi Adelina kama hana dawa ya macho mkobani, matone mawili yangetosha. Nesi alikuwa nayo.

"Ninayo," alisema, "na haitatumika hapa."

Baba, kwa kutafuta la kufanya, alisimama akakitungua kitenge cha bibi kilichokuwa kimening'inia msumarini nyuma ya mlango, ili anifunike mabegani. Pembe moja ilikuwa na fundo lililoharibu mkunjo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha jani kavu la mgomba kilichoviringishwa, na ndani ya jani hilo mlikuwa na kahawa kavu, punje chache za kutafuna. Kila mtu aliyewahi kufika kwa bibi alipewa kahawa ile kiganjani kabla hajaulizwa habari za njiani. Sisi wajukuu tulifichiwa kwenye fundo.

Baba aliziangalia punje zile. Nilimwona akiweka moja mdomoni, akaitafuna, na katikati ya kutafuna akaacha. Akakaa chini kwenye mkeka wangu, akajifunika kitenge usoni, na sauti ikamtoka ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa mwanaume. Aliita maawe, maawe, yaani mama yangu, kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Sikujua nimguse au nisimguse. Ndipo nikasikia nguo ikichakarika mlangoni. Mutalemwa alikuwa ameinama kwenye kamera yake. Nadhani hakudhamiria ubaya. Mwanga wa dirisha ulikuwa umeangukia mgongo wa baba na kitenge kile, na mkono wake ulikwenda wenyewe kama mkono wa mtu anayefukuza nzi.

"Usimpige," nikasema.

Sikuongeza neno picha. Nilisimama kati yao, nikaielekea lenzi kwa mara ya kwanza bila kuambiwa nigeuze kidevu. Mutalemwa alinyanyua kichwa, akanitazama mimi, kisha akatazama pale nilipokuwa nimekaa muda wote ule, na rangi ikamtoka. Akaanza kukunja miguu ya stendi, mmoja baada ya mwingine. Nesi Adelina akafungua mlango, akamshika Mutalemwa mkono akamtoa nje, na wakatuacha.

Nilikaa karibu na baba. Nilitegemea mimi pia nitalia, lakini hapana, hilo lilichelewa sana kurudi. Nilitazama sakafu tu, maana bibi alinikataza kumkodolea macho mtu anayelia.

Hatukuzungumza habari ile, si siku hiyo wala baadaye. Baba aliiondoa picha ukumbini na akaifuta kwenye simu yake. Marafiki waliendelea kuja Jumapili, na Mutalemwa alirudi kwenye picha za ndege wake wa ziwani. Ila tangu hapo baba akitaka kunipiga picha aliuliza kwanza, "Nikupige?" nami nikasema hapana, naye akaishusha kamera. Katika albamu yetu kuna harusi za shangazi, kipaimara cha kaka yangu, mama akianika kahawa, na hakuna mimi kwa miaka mingi. Nilidhani nilikuwa namwadhibu. Sikufikiria kwamba mtu aliyependa kazi ile kuliko kula, kukubali hapana ya mtoto kila mara, bila kuiba hata moja kwa siri, huenda ilikuwa njia yake ya kuomba msamaha.

Lakini picha ikishatoka hairudi. Mwaka jana mfanyakazi mwenzangu alifiwa, na katika kundi letu la kazini mtu mmoja, asiyejua lolote, akatuma salamu za rambirambi zenye mishumaa pembeni na maneno ya dhahabu. Katikati nilikuwa mimi, mtoto wa miaka kumi, nimeegemea mbuni. Picha ilikuwa imefifia kwa kutumwatumwa. Watu waliweka alama za kulia chini yake. Nami niliandika pole, kama wengine.

Jioni nilimpigia baba simu, yuko Nshambya bado, macho yamedhoofika na lenzi amewagawia wanafunzi. Nilimwambia nilichokiona. Akasema amekuwa akiikuta picha ile mara kwa mara, na kila mara anaandika kuomba iondolewe, na hakuna anayemjibu.

"Mama yangu nilimzika nikiwa nimefumba jicho moja," alisema. "Ile kamera ningeishusha, Kemi, ningeangukia kaburini mbele ya watu wote. Nikaona wewe unalia. Nikaona angalau mmoja wetu analia."

Nilipokuwa mtoto nilidhani siku ile kibanjani ni mimi tu niliyeshindwa kuusogeza uso wangu. Baba alikuwa na miaka arobaini, mtoto wa kwanza wa kiume, na wazee wanamtazama.