Mashine ya kupumulia ya mume wangu ilipoanza kumwita mama mkwe

Wakuu, hamjambo humu jukwaani. Wakubwa zangu, shikamooni.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza kuhusu mashine ya CPAP ya baba yake, kwamba ikifika alfajiri mpira unajaa maji na mzee anaivua kwa hasira. Watu wakaleta utani, mwingine akamwambia aitupe tu. Nilianza kumwandikia comment, ikawa ndefu, nikaona bora nifungue uzi.

Ninayosimulia niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Kuna sehemu moja hadi leo sina maelezo nayo. Nitaisema ilivyokuwa, siongezi chumvi.

Kwa wasiojua, CPAP ni mashine inayosukuma hewa kwa mpira hadi kwenye maski ya puani, kwa mtu ambaye koo lake linajifunga akilala. Siku hizi mnaziona mjini. Sisi tulikuwa nayo Kaisho, miaka ya tisini, wakati huo ikiwa bado Karagwe kabla Kyerwa haijawa wilaya.

Sasa twende.

Mume wangu Deusi alikuwa dereva wa lori la misheni. Anabeba kahawa, saruji, wagonjwa, maiti, chochote. Mtu mnene, mcheshi, mkoromaji hatari. Majirani walikuwa wanatania kwamba kwetu hakuhitaji mbwa.

Mkoromo haukunisumbua. Kilichonitisha ni ukimya.

Anakoroma, halafu kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini puani hakuna hewa. Naweka kiganja mbele ya mdomo wake, hakuna kitu. Halafu anashtuka kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani, anahema, analala tena. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Mchana anasinzia akiwa na kijiko cha maharage mkononi.

Siku moja akasinzia kwenye usukani, lori likaingia kwenye migomba ya watu. Bahati migomba ililizuia.

Pale misheni kulikuwa na daktari mzungu, mzee, ambaye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huohuo. Alimkuta Deusi amelala kwenye benchi mchana, akasimama kumtazama mpaka watu wakaanza kushangaa. Kisha akanifuata.

"Mama Jeni, huyu bwana huwa anakata pumzi akilala?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua.

Akatupatia mashine yake ya akiba. Umeme haukuwa tatizo, misheni ilikuwa na mtambo wake mdogo kwenye maporomoko na nyumba za wafanyakazi tulipata.

Deusi akalala. Wakuu, mume wangu alilala! Aliamka uso umenyooka kama kijana.

Ila ilikuwa kiangazi. Ile hewa ilikuwa kavu na ya baridi, ikamkausha pua mpaka ikapasuka ndani. Asubuhi mto una damu. Akaanza kuivua katikati ya usingizi. Daktari akaleta kifaa kingine cha kuunganisha, humidifier, yaani kitanki cha maji kinachokaa juu ya bamba la moto. Hewa inapita juu ya maji ya uvuguvugu, inafika puani ikiwa na unyevu. Pembeni kina kitufe cha kuzungusha chenye namba.

Daktari aliweka namba ndogo. Damu ikapungua lakini haikuisha. Basi sisi wenyewe, bila kumuuliza mtu, tukazungusha hadi mwisho. Tulidhani moto mwingi na mvuke mwingi ndiyo raha yenyewe.

Wakati huohuo mama mkwe akaja kuishi kwetu.

Hapa niwaombe mtulie kidogo.

Mama mkwe alizaliwa ng'ambo, Rwanda. Aliolewa huku akiwa msichana, akazaa na kuzeekea Mabira. Mdogo wake, Konsolata, alibaki kule. Mwaka ule wa mauaji, sisi wa Kagera tunajua mto ulileta nini. Watu waliacha kula samaki. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Habari za Konsolata hazikuja. Wakimbizi walivuka, mama akauliza kila aliyekutana naye, hakuna aliyemjua. Akaanza kwenda mtoni kila siku kutazama maji. Anakaa tu, halii, haongei. Deusi akaenda kumchukua na lori.

Nilimpa chumba cha pili. Ukuta wetu wa katikati haukufika juu, kwa hiyo kila sauti ilipita.

Mvua za kwanza zikaanza na baridi ya Kaisho ikashuka. Wa Dar hamuielewi hiyo baridi. Alfajiri ukungu unaingia mpaka ndani, blanketi linakuwa kama limelowekwa.

Alfajiri moja nikaamshwa na sauti.

Ilikuwa kama mtu anataka kuongea lakini mdomo umejaa maji. Inakuja na pumzi ya Deusi na kuondoka na pumzi yake. Anavuta, inabubujika. Anatoa, inagugumia. Kisha inanyamaza kidogo, kama inasubiri ijibiwe.

Nikavuta blanketi hadi kidevuni. Nikajua inatoka kwenye ile mashine, lakini kujua hakukunisaidia.

Ghafla Deusi akaruka, akaing'oa maski, maji yanamtiririka puani. Anakohoa, macho yamemtoka.

"Nilikuwa mtoni," akasema. "Mama Jeni, kuna mtu alinishika mguu."

Nikamwambia ni ndoto. Nikageuka kutafuta kitambaa.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Amejifunika shuka, hana taa. Hakumtazama mwanawe. Alikuwa anatazama ule mpira.

"Mbona mmemkatiza?" akauliza. "Alikuwa anaongea."

Tangu hapo ikawa kila alfajiri. Ile sauti ikianza tu, nasikia kitanda cha mama kinalia upande wa pili. Halafu namsikia anajibu kwa Kinyarwanda, taratibu, kama watu wawili wanaopiga umbea jikoni. "Ndakumva," anasema. Nakusikia. Sauti inagugumia. "Ndakumva."

Nikiwa nimelala katikati yao, wakuu. Upande huu mume ananguruma maji, upande ule mama yake anamjibu mtu mwingine.

Sasa ile sehemu niliyowaambia.

Asubuhi moja tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na yeye. Nikataka kulifanya jambo liwe la kawaida, nikacheka nikasema, "Mama, leo ile mashine ilikuwa inasema bogo, bogo, bogo. Mpaka nimeichoka."

Kisu kikamtoka mkononi.

"Nani amekwambia hilo jina?"

Nikamwambia hakuna, ni mlio tu wa maji.

Aliokota kisu, akakiweka pembeni. Kisha akanieleza kwamba utotoni alikuwa mbishi, hakuna aliyemsogeza, na mdogo wake akawa anamwita Bogo, yaani nyati. Konsolata peke yake. Tangu aolewe hakuna mtu huku aliyewahi kumwita hivyo, hata marehemu mumewe hakulijua.

Najua mtasema maji yakibubujika lazima yalie bogobogo. Na mimi nimejiambia hivyo miaka yote. Lakini ningependa mngekuwa pale muuone uso wake.

Kuanzia siku hiyo mama aliacha kula vizuri. Kutwa anasubiri alfajiri. Deusi naye akagoma. "Silali tena na mto usoni," akasema, akaisukuma mashine chini ya kitanda. Mama akalia kwa hasira kama mtoto, akimwomba mwanawe aivae. Kwa mara ya kwanza nikaona mama na mwana wakigombana, na kila mmoja nilimwonea huruma.

Deusi akarudi kulala bila mashine. Ule ukimya wa zamani ukarudi, mbaya zaidi. Namtikisa, anahema, analala, namtikisa.

Halafu akasinzia tena barabarani. Safari hii nyuma kulikuwa na watu wa Rugu aliowapa lifti kutoka mnadani, na mama mmoja mjamzito mbele kwenye kebini. Yule mjamzito ndiye aliyeshika usukani. Lori likagonga ukingo wa barabara likasimama. Hakuna aliyekufa. Deusi alirudi nyumbani kwa miguu, akakaa uani na funguo mkononi, hakutaka kuingia ndani.

Nilikwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Nilimweleza yote, hata ya Konsolata. Nilitegemea atacheka.

Hakucheka. Akasema atakuja kesho yake mapema, kabla jua halijatoka, aione ikiwa inafanya kazi.

Akaja na koti zito. Deusi kwa shingo upande akavaa maski, akalala. Haikuchukua muda, ikaanza kugugumia. Mama mkwe akatoka chumbani kwake. Daktari akamwamkia kwa heshima na kumpa kiti, kisha akashika kitanki: cha moto. Akashika mpira katikati: baridi kama jiwe la mtoni.

"Mama Jeni, ukipika ndizi, chini ya mfuniko unakuta nini?"

"Maji."

"Basi huu mpira ndio mfuniko wenu."

Akatueleza. Hewa inatoka kwenye kitanki ikiwa ya moto na imebeba mvuke mwingi. Ikipita kwenye mpira uliopoa, mvuke unageuka maji, yanakusanyika pale mpira ulipojikunja, na pumzi inayapiga. Ndiyo maana kiangazi hatukusikia kitu, na alfajiri ndiyo mbaya kuliko saa zote.

Akapunguza namba hadi karibu na katikati, akasema tupandishe au tushushe kidogo kidogo kwa kufuata hali ya hewa: pua ikikauka ongeza, mpira ukitoa maji punguza. Mashine ikatoka juu ya meza ikawekwa chini kuliko kitanda, ili maji yakitokea yarudi kwenye kitanki yasimfuate usoni. Dirisha la upande wa kichwa likafungwa. Na mpira uvishwe nguo.

Hiyo ya nguo niliifanya mimi. Nilikata mikono ya sweta kuukuu, nikaunganisha kwa kushona, nikauvisha mpira wote, na sehemu ya karibu na maski ikapita chini ya blanketi pembeni ya Deusi. Na kila asubuhi namwaga maji ya kitanki, nakiosha, nakianika. Jioni naweka maji ya mvua yaliyochemshwa yakapoa, maana ya maporomoko pale yaliacha ukoko.

Alfajiri iliyofuata nikaamka kwa mazoea. Nikasikiliza.

Upepo mwembamba tu. Deusi amelala kama ametoka kubatizwa. Pua haina damu, uso mkavu.

Upande wa pili nikasikia kitanda kinalia. Mama ameamka. Anasubiri.

Akasubiri mpaka kukapambazuka.

"Mmemfunga mdomo," akaniambia jikoni. Hakusema kwa ubaya. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa kile ambacho hakuwahi kukilia tangu mauaji yaanze. Nikaipua chungu, nikakaa naye chini.

Siku chache baadaye, Deusi yuko safarini, mvua ya mchana ikashuka na ukungu ukafunika migomba. Mama akaja na rozari yake.

"Mwanangu, ifungulie kama mwanzo. Mara moja tu. Sikumuaga."

Nilisita. Halafu nikairudisha mashine mezani, nikavua ile sweta kwenye mpira, nikafungua dirisha ili baridi iingie, nikazungusha namba hadi mwisho. Nikadhani atasikiliza tu. Lakini alichukua maski, akaivaa mwenyewe.

Tulikaa muda mrefu. Kisha ikaanza. Bogo. Bogo. Sasa ilikuwa inakwenda na pumzi yake yeye.

Akawa anaishusha maski na kuongea, kisha anaipandisha. Alimwambia Konsolata majina ya wajukuu. Alimwambia yule ng'ombe aliyemwekea alizaa ndama jike. Alimwambia alimtafuta, kila aliyevuka alimuuliza. Mengine sikuyaelewa, na mengine niliyaelewa lakini si ya kuandika hapa.

Mwishoni akavua maski akanipa. "Punguza," akasema.

Nikazima. Akauchomoa mpira mwenyewe, akaushika ncha mbili zikiwa juu kama mtu aliyebeba mtoto, akatoka nao kwenye mvua. Aliniomba jembe. Nikachimba kidogo chini ya mgomba, akayamwaga yale maji pale, akafukia na kuweka majani makavu juu. Tukasali Salamu Maria.

Wakati tunarudi ndani nikashindwa kujizuia. "Mama, alikujibu nini?"

"Leo hakusema kitu," akasema. "Alikuwa ananisikiliza."

Jioni ile alikula sahani nzima.

Mama alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa uzee, na habari za Konsolata hazikuwahi kufika. Deusi yupo, ni mzee sasa, mashine ameshabadilisha na hii ya sasa mpira wake una waya wa joto ndani. Hahitaji sweta. Na kwenye usukani hakusinzia tena hadi alipostaafu.

Kwa mwenzetu aliyeuliza: usiitupe. Mzee akilalamika, mwamini, kuna kitu kweli kinamsumbua, halafu shika mpira kwa mkono wako alfajiri. Punguza namba, ufunike mpira, shusha mashine iwe chini kuliko kitanda, na umwone daktari wake kabla hujagusa mambo mengine. Na kama ndani ya nyumba kuna mtu mwingine anayesikia sauti, usimcheke. Zima mashine, mpe kiti, muulize ni nani anayemwita.

Waliowahi kuishi na mgonjwa wa namna hii leteni yenu. Na wa Karagwe na Kyerwa mliokuwepo miaka ile, mnaokumbuka mto ulivyokuwa, nanyi semeni kama mnaweza. Nitasoma zote.