Mtungi Uliokosekana Kwenye Foleni

Mama mboga wa ploti yetu, aliyetuuzia mboga kibandani kwake, alikuwa mbea, na nasema hivyo kwa heshima zote. Hakuna mtu aliyekatiza ua wetu bila yeye kujua anakotoka, amekula nini na kwa nini amekunja uso. Nilipohamia mtaa wa Mowlem, huku Eastlands, na mume wangu na cherehani yangu, tukapata chumba kilichotazamana na chake, na wiki hiyo hiyo nikashona pazia zito la mlangoni. Alikuja akalishika, akalipapasa, akasema, "Kitambaa ni mzuri, fundi. Lakini utakufa na joto." Tangu siku hiyo ploti nzima ikaniita fundi.

Vyumba vyetu vya kupanga vilizunguka ua wa saruji, na bomba lilikuwa moja, katikati. Maji hayakuja kila siku. Siku yalipokuja, mitungi ilikuwa imeshapangwa tangu alfajiri, ile ya plastiki iliyowahi kuwa na mafuta ya kupikia. Watu wenyewe walikuwa bado ndani wakichemsha chai, lakini mtungi ulikuwa nje umewashikia nafasi. Mwenye safari, au mwenye shifti ya mapema kule viwandani, Industrial Area, aliacha mtungi wake kwa jirani jioni iliyotangulia, akirudi anaukuta umejaa mlangoni pake. Kuondoka bila kuacha mtungi lilikuwa jambo lisilofanyika, kwa sababu ungerudi uoge na nini?

Mama mboga alikuwa akipita kando ya foleni ile akiitazama mitungi kama mwalimu anayeita majina. Aliijua yote. Mmoja ulifungwa kamba nyekundu, mwingine kifuniko chake kilikuwa gunzi la mahindi. "Huyu wa gunzi yuko wapi leo?" alikuwa akiuliza, na asipojibiwa anakwenda kugonga. Siku moja nilikuwa nimelala tu, nimechoka na sare za shule za watu, akanigongea hadi pazia likatikisika. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Akasikiliza yote, akasema, "Sawa, uko mzima," akaenda zake. Siku ya maji iliyofuata, niliposhindwa tena kuamka, alinigongea vilevile.

Alikuwa na ndugu yake, kitinda mimba wao, aliyekwenda Amerika akiwa kijana. Tulimjua kwa picha tu: amesimama kando ya gari, ameshika kiuno, nyuma yake theluji. Picha hiyo ilitundikwa ukutani kwa mama mboga, juu ya gunia la viazi. Basi tulipoambiwa anarudi tulingoja bwana mkubwa mwenye tumbo. Akaja mtu mwembamba mwenye sanduku moja, mgongo wake haunyooki vizuri, mikono inatetemeka kidogo anaposhika kikombe. Dada yake alimtafutia chumba cha pembeni hapo hapo kwenye ploti, akamnunulia godoro, stovu na mtungi wa buluu.

Jioni alipenda kukaa karibu na cherehani yangu, nafikiri kwa sababu ilikuwa ikipiga kelele na hakuna aliyemlazimisha kuongea. Hadithi zilimtoka vipande vipande. Mji aliokuwa akiishi ulikuwa wa kiwanda kikubwa cha chuma. Kiwanda kikafungwa. Kwanza watu walikaa wakingoja kifunguliwe, halafu wakaanza kunywa, halafu wakaanza kufa.

"Watu wa rika langu wanazikwa na baba zao," alisema. "Baba mtu ana nguvu kabisa, anamzika kijana wake."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakainua vichwa. Mmoja akauliza kama ni malaria. Si malaria. Ni njaa? Si njaa, huko chakula kinatupwa. Ni pombe, alisema, na vidonge vya maumivu ambavyo mtu huanza kumeza kwa ajili ya mgongo kisha anameza kwa ajili ya mengine. Bunduki pia, wengine wanajigeuzia wenyewe. Akatuambia juu ya mzee mmoja jirani yake, ambaye walitenganishwa na ukuta tu, aliyekufa ndani ya nyumba na asijulikane kwa muda mrefu. Kodi ilikuwa ikikatwa na benki yenyewe, taa ziliwaka, maji yalikuja. Hakuna kilichopungua hata mtu ashtuke.

"Wacha utani," alisema yule mwanamke wa malaria. "Nchi ina maziwa kwenye friji, na watu wanakufa wakiwa vijana?" Wakacheka, nami nikacheka nao.

Mama mboga hakucheka. Alikuwa akikata majani ya sukuma, kisu kikasimama. "Na nani alikuwa anapigia huyo mzee hodi?"

"Huko ukigonga kwa mtu bila kualikwa ni kama umemkosea, dada."

"Ai," alisema, akaendelea kukata, lakini sukuma ile ilitoka vipande vinene ambavyo wateja walilalamikia.

Siku hizi nasikia wasomi redioni wakijadili nchi tajiri ambazo watu wake, badala ya kuishi zaidi ya wazazi wao, wanaishi pungufu. Wanataja chakula, bei ya hospitali, bunduki, kazi zilizoisha. Huenda wote wanasema kweli, mimi ni fundi wa nguo na siwezi kubishana nao. Lakini kila mara nangoja mmoja wao aulize swali la mama mboga, na kipindi kinakwisha.

Nirudi kwa yule ndugu: ilikuwa siku ya maji. Mlango wa yule ndugu ulikuwa umefungwa na kufuli linaning'inia nje. Milango yetu ilikuwa ya chuma, yenye tundu la kupitisha mkono, ili kufuli moja liweze kufunga kwa ndani ukilala na kwa nje ukitoka. Kufuli likiwa nje, mwenye chumba hayupo, hilo hata mtoto mchanga wa Eastlands analijua.

"Ameenda town," nilimwambia mama mboga bila kuinua macho kwenye cherehani.

Alikuwa amesimama kwenye foleni ya mitungi, mkono kiunoni. "Mtungi yake haiko hapa."

"Labda amemwachia mtu."

"Angemwachia nani kama si mimi?"

"Basi amesahau. Huko alikotoka maji yanakuja yenyewe."

Aliitazama tena mitungi. Naukumbuka uso wake kuliko ninavyokumbuka nyuso nyingi za watu niliowapenda. "Fundi," alisema polepole, "mtu akienda mahali anajua atarudi. Na akirudi atataka maji."

Akaenda hadi mlangoni, akainama kwenye tundu. Lilikuwa limezibwa na kitambaa kwa ndani. Hapo ndipo nilipoiacha cherehani nikainuka, kwa maana mtu hawezi kuziba tundu kwa ndani akiwa mjini. Alikuwa amepitisha mkono wake, akajifungia kwa nje, akaurudisha, ili sisi sote tupite tukisema ametoka. Kuhusu kufuli alikuwa ameifikiria ploti vizuri sana. Kuhusu mtungi hakufikiria hata kidogo. Alikuwa ameishi muda mrefu mno mahali ambapo hakuna bomba la pamoja la kuonyesha nani amekosekana.

Mama mboga aliita jina lake la utotoni mara moja tu, kwa sauti ndogo. Kisha akageuka na kupaza sauti iliyomtoa mchomeleaji wa barabarani na miwani yake usoni, akaja na patasi na nyundo, akalivunja kufuli. Tulimkuta kitandani ameelekea ukutani, chupa ya pombe kali sakafuni na ya vidonge vyake mkononi, anapumua kwa mbali. Dada yake hakulia. Alimshika mabega, mimi na mchomeleaji tukashika miguu, tukamlaza nyuma ya pikapu iliyokuwa imeleta kabichi sokoni. Njia nzima hadi hospitali alimpiga makofi mashavuni akimwambia asithubutu.

Hakuthubutu. Alirudi baada ya wiki kadhaa, mwembamba zaidi, akiwa na aibu ya kututazama. Sote tulijiandaa kumwonea huruma, na huruma ya ploti ni kitu kizito. Mama mboga alitukataza. Alimwekea kigoda kando ya bomba na kumwambia, "Kazi yako ni foleni. Mtungi ikikosa, unaenda kugonga." Hakumpa mawaidha mengine.

Mwanzoni aligonga kama mtu anayeomba radhi. Dada yake alikuwa akipiga kelele kutoka kibandani kwake, "Hodi inapigwa na mkono, si na kucha!" na ploti nzima ikaangua kicheko, naye mwenyewe, siku moja, akacheka. Vidonge alimkabidhi dada yake. Pombe ilichukua muda mrefu zaidi, ilimwangusha na akainuka zaidi ya mara moja, na kila alipoanguka kigoda kilikuwa palepale kikimngoja. Nilimstahi sana mwanamke yule. Pazia langu nilikuwa nimelishusha zamani, nikalikata nikashona sketi za shule.

Mama mboga alikufa akiwa mzee, mchana, chumba kimejaa watu wanaobishana juu ya bei ya vitunguu. Ploti ilibomolewa, likajengwa ghorofa. Matangi yako juu ya paa, maji yanakuja yenyewe, na kila mlango una kufuli la ndani lisiloonekana. Mume wangu ametangulia, watoto wako mbali. Mimi ninakaa orofa ya pili na yule ndugu anakaa chini, mzee sasa, mgongo umepinda kabisa. Tulipatana zamani, bila kulizungumza sana, kwamba nikiamka nautoa mtungi mtupu nje ya mlango wangu, naye hupanda kuutazama.

Wiki iliyopita homa ilinibana nikalala hadi jua likapanda. Niliamshwa na mkono unaopiga mlango wa chuma hadi majirani, ambao sijui wanaitwa nani, wakatoka kuchungulia. Nilifungua nikiwa nimejaa hasira.

"Mzee, unataka kunivunjia mlango?"

Alitazama nyuma yangu hadi akauona mtungi kando ya jiko. Alikuwa akitweta kwa ngazi.

"Sawa," alisema. "Uko mzima."

Nikauchukua mtungi nikautoa nje hapo hapo, mbele yake, ndipo akakubali kuingia kunywa chai.