Maharage Yaliyong'olewa kwa Huruma

Nilirudi Endasak kutoka msibani Endagikot nikakuta maharage yangu yote ya utafiti yamelazwa juu ya turubai, mizizi imekung'utwa udongo, na wanawake walioyang'oa wamekaa pembeni wakinisubiri kwa furaha.

Jamani! Mimi nina hasira za karibu, hata nyumbani wananijua. Siku ile nilijikaza kisabuni. Mama mwenye shamba, aliyenipa kipande cha ardhi kando ya shamba lake, alinijia akifuta mikono kwenye kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na shangazi. Haya, habari ya shamba usiiwaze tena. Tumeamka na umande tukakumalizia. Hakuna ganda hata moja lililopasuka."

Ungesema nini? Huku kwetu mwenye msiba hashiki jembe, na majirani hawaachi kazi yake ilale. Na maharage hung'olewa asubuhi na mapema, umande ukiwa bado, la sivyo maganda yanapasuka na punje zinamwagika. Waliona majani ya njano chini ya kibanda changu cha nailoni, wakasema mtoto wa watu yuko kwenye kilio, mavuno yake yataharibika. Hawakujua kwamba majani yalikuwa ya njano kwa sababu niliyanyima mvua makusudi, wala kwamba sikuwa na haja na punje. Nilitaka mizizi, na niliitaka ingali hai.

Nilikaa chini pale pale, nikaanza kuwaeleza. Kila mmea una jeni zake, niliwaambia, ndizo zinazouelekeza cha kufanya, lakini zote hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Ukame ukibana, mzizi unaziamsha baadhi na kuzilaza nyingine. Mimi natafuta zile zilizoamka kwenye maharage yanayostahimili. Ila alama zake hazikai. Ukishang'oa, baada ya muda mfupi tu mzizi umeacha habari za ukame, una habari za kung'olewa. Lazima ugandishwe papo hapo.

"Kumbe mzizi nao una mambo yake," alisema mmoja, na mwingine akashika kichwa: "Mungu wangu, tumemuua mtoto wa watu."

"Hamjaniua," nilisema. Moyoni nilikuwa nimekwisha. Ulibaki msimu mmoja tu kabla muda wangu chuoni haujaisha. Bila mizizi ile sina utafiti, na bila utafiti narudi nyumbani mikono mitupu.

Msimamizi wangu alinishauri kwa simu nipande kwenye ndoo huko huko chuoni, niachane na vijiji. Nilikataa. Mzizi kwenye ndoo hauna pa kwenda, unajizungusha tu humo. Nilitaka ule unaohangaika kwenye udongo wa Hanang, ambao watu wanaulima. Akasema nina kichwa kigumu. Nikamwambia ni kweli, na msimu uliofuata nikarudi Endasak na nailoni mpya.

Mama alinipa kipande kile kile bila kuuliza, nikapanda tena aina zangu za maharage, kila aina mstari wake. Tatizo likawa moja: unawaambiaje majirani wasikusaidie? Huko ni kuwatukana. Basi nikageuza mambo. Nilipita nyumba kwa nyumba nikawaalika kwenye msaragambo, tung'oe wote kwa pamoja, siku nitakayoitaja mimi, na asiguse mtu kabla sijafika. Walicheka sana. "Safari hii mzizi wako utakusimulia ukame wote," walinitania.

Msimu ule mvua ilikuwa ya kubahatisha. Nje ya kibanda changu, maharage ya mama yalitoa maua, maua yakakauka, yakaanguka. Nilikuwa napita hapo kila siku kwenda kwangu, na nilikuwa naona aibu kuinua macho.

Siku yenyewe ilipofika, mtungi wa naitrojeni ya kugandishia mizizi uliletwa na pikipiki kutoka Katesh, ukifuka moshi wa baridi. Hapo tena utani. Mtungi wa namna hiyo wanaujua kwa mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mirija, anayebebea humo mbegu za madume. "Hee, umetuletea dume gani leo?" Tulicheka mpaka machozi, kisha kazi ikaanza: mmoja anachimbua, mwingine anasuuza kwenye beseni, mimi nakata ncha ya mzizi na kuitumbukiza mtungini. Mikono ya wengi ilikwenda haraka kuliko nilivyowahi kwenda peke yangu. Nilikuwa na furaha ya ajabu, sifichi.

Tukafika kwenye mstari wa mwisho. Aina nyingine zote zilikuwa zimelala chini, lakini hii ilikuwa bado imesimama, na ilikuwa imebeba maganda mabichi. Mama alishika shina moja akalipapasa, asilivute.

"Haya yamebeba," alisema. "Ya kwangu pale hayakubeba kitu. Na haya unayang'oa mabichi?"

Roho iliniuma, kwa sababu sikujua watoto wake watakula nini mwezi ule.

"Lazima iwe sasa, mama, yakiwa bado yanapambana. Yakishakomaa sitaona kitu."

"Na utajua lini kinachoyasimamisha?"

Ningeweza kumpa tumaini la haraka. Ulimi ulikuwa tayari kabisa.

"Kuisoma mizizi ni miezi," nilisema. "Mpaka mbegu ikufikie wewe hapa, ni miaka. Sijui mingapi. Na inawezekana nisipate kitu."

Aliliangalia shamba lake lililokauka. Kisha akainama, akashika shina kwa mikono yote miwili, akaling'oa na maganda yake.

"Sasa mbona unazubaa?" alisema. "Sogeza mtungi."