Greda Lilipogeuzia

Juzi nilipita kwetu Kabras nikakuta greda likichonga barabara, na picha za wagombea zimebandikwa kwenye kila nguzo ya stima. Harufu ya udongo mbichi na dizeli ilinirudisha kwa bibi yangu, aliyeishi ng'ambo ya kijito kilichokuwa mpaka wa eneo bunge letu.

Alasiri moja nikiwa mtoto, uchaguzi ukiwa umekaribia, greda la mheshimiwa lilikuja likinguruma katikati ya miwa. Bibi alichinja kuku, akavuka na sufuria kichwani, ili dereva naye avuke amtengenezee njia. Dereva alikula ile ingokho na obusuma, ugali wetu, mpaka akalamba vidole.

"Mama, umenilisha vizuri," akasema. "Lakini huko ng'ambo si kwetu."

Akageuza greda. Mimi nilidhani anaogopa maji. Nikamwambia bibi asijali, kiangazi kikifika kijito kitakauka na dereva atavuka.

"Haya, mjukuu wangu," akanijibu, akiinua sufuria tupu.

Siku hizi najua kura ya bibi ilikuwa ya eneo la mheshimiwa mwingine. Hata hivyo, juzi nilisimama nikatazama. Greda lilifika pale pale, likainua kisu chake, likageuka. Kijito kilikuwa kimekauka.