Uzio wa Pande Tatu

Mtu anayechimba bwawa la kuogelea Njombe hana akili timamu, na bwana niliyemfanyia kazi alikuwa mtu huyo. Kwetu mwezi wa Juni majani huamka meupe kwa jalidi, na hata sisi tuliozaliwa hapa tunanawa uso kwa kujilazimisha. Yeye akaagiza simiti ije kwa lori kutoka Makambako, akachimbua bustani mbele ya baraza, akajaza maji. Aliingia mara moja, akatoka amebadilika rangi, hakurudi tena. Maji yakageuka kijani, vyura wakahamia. Hao ndio waliofaidi.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa yaya nyumbani kwake, katika shamba la miti ya miwati. Nilimlea mwanawe wa pekee, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia. Sisi Wabena mtoto wa umri ule, ukiwa na kazi, unambeba mgongoni, mambo yamekwisha. Lakini memsahibu, mke wa bwana, alinikataza mbeleko tangu siku ya kwanza. Alisema itampinda mtoto miguu. Mimi niliyebebwa hivyo mpaka nikamaliza kuota meno nilisimama mbele yake kwa miguu yangu miwili iliyonyooka, nikajibu, "Ndiyo, memsahibu."

Kisha ikaja amri kutoka kwa wakubwa wa shamba: kila bwawa lizungushiwe uzio, watoto wasije wakatumbukia. Amri nzuri, siibezi. Ninachobeza ni jinsi bwana alivyoielewa. Alimwita mjomba wangu, fundi wa mazizi kutoka Kitandililo, akamwonyesha pande tatu: upande wa jiko, upande wa kamba za nguo, na upande wa kambi ya wafanyakazi. Nguzo za mwati, seng'enge ya miiba, mlango hakuna. Mjomba alikuwa hajawahi kujenga zizi lisilofunga.

"Na upande huu wa baraza, bwana?"

"Huo ni upande wetu. Watu wa kambini hawapiti huku."

"Lakini bwana, mtoto..."

"Nimesema pande tatu."

Na memsahibu alitaka kuyaona maji akinywa chai. Maji ya vyura!

Mjomba alipomaliza kazi alinipitia jikoni. "Mwanangu, uwe macho," aliniambia. "Wamemzungushia mtoto uzio, yeye na maji wako ndani pamoja."

Nilijua. Nilijua pia kwamba mtoto akizama hakuna atakayeuliza habari za uzio. Wataniuliza mimi nilikuwa wapi. Niliogopa gereza. Niliogopa zaidi kwa sababu nilimpenda yule mtoto, Mungu anisamehe kwa kumpenda mtoto wa watu wale. Nikawa nazunguka naye kutwa nimemshika mkono, na yeye akilia kuwafuata vyura kila anapowasikia.

Siku mkubwa wa shamba alipokuja kukagua, walimkaribisha chai barazani. Memsahibu akamchukua mtoto kwangu ili mgeni amwone, akanituma nikaanue nguo. Kamba zilikuwa nje ya uzio. Huko nilikokuwa niliwaona wote: bwana akinyoosha kidole kuonyesha seng'enge yake, mgeni akitikisa kichwa kwa kuridhika na keki ikiwa mdomoni, memsahibu akimimina. Chini ya meza yao mtoto akatoka, akashuka ngazi, akaelekea kwenye sauti ya chura.

Nikapiga kelele. Bwana aliinua mkono kuninyamazisha, maana alikuwa anaongea na mkubwa wake.

Mtoto akaingia majini bila kishindo. Kati yangu na yeye ulisimama uzio wa mjomba, na mjomba alikuwa fundi kweli. Nikajitosa katikati ya nyuzi. Miiba ilinishika gauni, ikanishika mkono, nikavuta vyote viwili vikachanika. Maji yalinifika kifuani. Nilimpata kwa kupapasa, nikamwinua, nikamgeuza kichwa chini mpaka akatapika yale maji ya kijani na kulia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtu namna ile.

Ndipo wakaja, na vikombe vyao mkononi. Memsahibu akamnyakua. Bwana alikuwa mweupe kuliko siku ile alipooga. Yule mkubwa hakunitazama mimi wala mtoto. Aliuzunguka uzio mpaka mahali nilipopenya, akachezea uzi uliolegea.

"Kumbe unapitika," alisema.

Kesho yake mjomba aliitwa tena. Alizibana nyuzi za zamani na kuongeza mpya pale nilipopita mimi, pale damu yangu ilipokuwa bado imeshika kwenye miiba. Aliuliza tena kuhusu upande wa baraza. Akajibiwa vilevile. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema Waswahili, lakini hawa walikuwa wamechimba na kumtanguliza mtoto wao.

Asubuhi hiyo nilichukua kanga yangu, nikainama, nikamrusha mtoto mgongoni, nikafunga fundo kifuani kwa mkono ule mmoja uliokuwa mzima. Nikapita naye barazani polepole, mbele ya meza ya chai, mbele ya memsahibu. Alinitazama toka mwanzo wa baraza mpaka mwisho. Habari za miguu hakuzitaja.