Mahindi ya Moshi ya Mama Mbuyi

Nakumbuka asubuhi ile nilipoingia uani kwa jirani yangu, Mama Mbuyi, na pakiti ya mbegu mkononi. Umeniuliza, mwanangu, uagize wapi mbegu za bustani yako, nami siwezi kukujibu bila kuanzia pale. Kaa basi. Chai ingali moto.

Ilikuwa miaka ile kampuni ya migodi ilipokuwa inakufa kidogo kidogo hapa Likasi. Baba yako alikwenda kazini kila siku na kurudi mikono mitupu. Mshahara hakuna, posho ya unga hakuna. Tulibaki na kipande cha udongo nyuma ya nyumba. Mahindi yasingeota mvua ile, wadogo mngekula nini? Ndipo akapita mchuuzi mmoja, wa kuvuka mpaka kwenda Zambia, na picha ya hindi nene ajabu. Nikaagiza kwake, nikampa liputa langu, kitenge changu cha harusi.

Asubuhi ile Mama Mbuyi aliipindua pakiti, akanitazama. Alikuwa mkubwa sana kwangu, mkali wa maneno, na mtaa mzima ulikula mboga za bustani yake.

"Nani alishakula hii mbegu?" akauliza.

Nikamwambia, mama, si picha hii hapa.

"Picha hailiwi. Weka kidogo mu kitambaa ya maji kwanza, uone kama iko na uzima."

Nilicheka. Mvua ilikuwa imeanza, wenzangu wanapanda, sikutaka kubaki nyuma. Nikazika zote ardhini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; changu kilitembea mpaka mlangoni nikakivutia kiti.

Hazikuota. Nilikuwa nafukua kwa kidole, nakuta punje imeoza. Nikakaa palepale kwenye matope nikalia. Yule mchuuzi sikumlaani, pengine naye aliuziwa hivyohivyo.

Ilikuwa wakati uleule watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, walipoambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Mama Mbuyi alizaliwa hapahapa, na mume wake amezikwa hapa. Akatolewa nyumbani, akawa analala kituoni pamoja na watu wengi mno, wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Nilimpelekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mhogo, weye ukiwa mgongoni kwangu. Habari ya mbegu sikuitaja. Mtu amepoteza nyumba, ningemlilia mahindi kwa uso gani?

Akaniuliza mwenyewe. "Imeota?"

Nikamwambia ilioza yote.

Akafungua kifurushi alichokuwa anakilalia kama mto. Mwanangu, ndani mlikuwa na mahindi meusi kwa moshi, yale yaliyoning'inia juu ya moto jikoni kwake ili wadudu wasiyaguse. Wajukuu wake walikuwa wamelala ubavuni pake, na njaa ya kituo kile niliiona kwa macho yangu. Hakuna punje hata moja iliyobanduliwa. Nikapiga goti kama tunavyopiga padri anapoinua hostia.

Akagawa. Machache akayarudisha, mengi akanipa. Nikakataa, nikamuuliza atapanda nini kule.

"Hii mbegu ilizaliwa huku, inajua hii udongo," akasema polepole. "Miye bananifukuza. Mbegu, hapana. Weye njo unabakia na udongo yake."

Treni ilikuja siku nyingine nami sipo. Sikupata habari zake tena. Mahindi yaliota, tukala, na mengine nikayatundika juu ya moto, kama yeye.

Basi nikwambie. Kabichi haizai mbegu kwa joto letu. Hiyo agiza, hakuna ubaya. Lakini usiagize kwa uzuri wa picha. Tafuta muuzaji ambaye bustani ya mteja wake unaweza kuiendea ukaiona, tena mteja wa udongo kama wako. Zikifika, zijaribu kwenye kitambaa chenye maji kabla ya kuzika tumaini lako lote. Na kile ambacho jirani anacho, kiombe kwa jirani, kwa heshima, umrudishie wakati wa mavuno. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami wangu nilimcheka uani kwake.

Sasa inuka, ingia jikoni, shusha yale mahindi meusi yaliyotundikwa juu ya moto. Ni yaleyale, kizazi kwa kizazi. Mtu akikuuliza nani alishakula mbegu hii, usimwonyeshe picha. Mwambie ni weye, ndiyo iliyokukuza.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na udongo usiokukataa. Na popote alipolala Mama Mbuyi, ardhi ile imjue kuwa ni mtu wa kwao.